Vipuli Kwenye Majivu

1

Karani alitangaza siku ya arobaini na moja saa moja asubuhi, kwa ile sauti yake isiyojua furaha wala huzuni, na kituo kizima cha afya cha Isonso kikalipuka kwa vigelegele. Osia mpishi aligonga sufuria kwa mwiko. Wagonjwa wenye nguvu walipiga makofi wakiwa vitandani. Hata Dakta Ambakisye, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake tangu homa ya ukungu iingie wilayani, alitoka chumba cha upasuaji akacheza hatua mbili tatu kwenye korido, akakumbuka cheo chake, akarudi ndani.

Subilaga Mwakalinga hakupiga kigelegele. Alikuwa amekaa ofisini kwake, muhuri wake wa mpira mbele yake, akiandika kwenye daftari la kaunta: Siku ya 41. Hakuna mgonjwa mpya. Mwandiko ulikuwa mzuri kama siku zote.

"Kesho saa sita mchana," Karani alisema kutoka kwenye kibao chake pale mezani, "zitatimia siku arobaini na mbili, na dharura itakoma kisheria. Leseni zote ishirini na sita zitakoma pamoja nayo. Vipuli vikusanywe, vihesabiwe, vipakiwe. Tafadhali thibitisha."

"Nathibitisha. Mwe! Hata kuamkia watu hujui, kuamrisha ndiko unakojua."

Karani alikuwa mashine ya Baraza la Leseni, na Baraza halikuwa limemfundisha utani.

Miezi minne nyuma, Subilaga, msajili wa wauguzi wa Baraza, alikuja Isonso kwa ukaguzi wa siku mbili, na begi dogo lenye magauni mawili. Usiku wa pili kizuizi kikawekwa darajani, hakuna kutoka wala kuingia, na wauguzi wa kituo, waliokuwa wachache tangu mwanzo, wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Wiki haikuisha akajikuta ndiye muuguzi pekee mwenye usajili aliyebaki amesimama kwa miguu yake. Ndipo akafungua sanduku la vipuli na kuanza kuteua watu.

Kipuli kilikuwa kitu kidogo kama punje ya hindi, cha kioo chenye rangi ya chai ya rangi. Mtu anaapa, anabanwa kipuli juu ya sikio, muhuri unagongwa kwenye karatasi, na kabla chai yake haijapoa ni muuguzi mwenye leseni ya dharura. Hasikii sauti yoyote kichwani. Anajua tu, kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Ujuzi huo ulikuwa umevunwa kutoka kwa wauguzi wastaafu, watu waliokubali kuketi miezi kadhaa kwenye viti vya Baraza wakikumbuka kazi yao yote tangu siku ya kwanza. Ukikivua kipuli, ujuzi unaondoka nacho, na wewe unabaki ulivyokuwa. Vipuli vyenyewe vilikuwa vichache nchi nzima, vikihamishwa kutoka dharura hadi dharura.

Ndivyo Subilaga alivyowateua wachuma chai, walimu, kinyozi mmoja, dereva wa lori, na Tumpe Mwaisaka, fundi cherehani, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni na fomu mkononi.

"Shikamoo, Mama Msajili."

"Marahaba, Tumpe. Mbona huchezi na wenzio?"

"Nicheze nini, Mama? Kesho saa sita narudi kupima watu viuno." Tumpe alicheka, kicheko cha midomoni tu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mwenye vidole ambavyo Subilaga alivipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu havikuwa na papara. "Nimemleta Mwalimu Lugano. Joto thelathini na nane na nusu. Koo jekundu, lina madoa meupe. Ni mafindofindo, aliimba kwaya kwenye mvua Jumapili. Lakini kwa kuwa ana joto, lazima wewe ndiye uamue."

Aliweka fomu mezani. Chini kabisa kulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa Anashukiwa, cha pili Hashukiwi. Tiki moja kwenye kile cha kwanza, na hesabu ya Karani ingerudi sifuri. Siku nyingine arobaini na mbili za dharura. Siku arobaini na mbili za leseni.

Wote wawili waliitazama ile fomu muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Kwani tukisema..." Tumpe alianza, akajiuma ulimi. "Basi, Mama. Nimeropoka tu. Ni vile namfikiria Anyisile. Presha yake leo imepanda tena, na miguu imemvimba. Nikivuliwa kipuli kesho, nani atamwangalia? Wauguzi wapya mkoa unasema wataletwa mwakani."

Anyisile alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, kitanda cha tatu, mimba yake ya kwanza, miezi minane na nusu. Mama yake mzazi alikuwa ng'ambo ya daraja, upande wa pili wa kizuizi, na kila asubuhi Anyisile aliuliza kama kimefunguliwa, maana kwao anayejifungua mara ya kwanza huogeshwa na mama yake.

"Nenda kazini," Subilaga alisema. "Fomu iache hapa."

Tumpe alipotoka, Karani akasema, "Fomu moja haijakamilika."

"Naiona."

"Vipuli vya Isonso vinasubiriwa visiwani. Homa imeingia visiwa viwili tangu wiki iliyopita. Wauguzi waliopo ni wanne. Nakujulisha kwa ajili ya maandalizi ya usafirishaji."

Subilaga aligeuza fomu juu chini, akaiwekea muhuri juu yake ili isipeperushwe na upepo. Hakukuwa na upepo. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa baridi.

2

Kuhusu baridi ya Isonso yapo mengi ya kusema, lakini hili moja linatosha: ililishinda Baraza la Leseni.

Kipuli kilipata nguvu zake kutoka kwenye joto la mwili. Waliokibuni walikibuni pwani, kwenye masikio ya pwani. Huku milimani, ambako ukungu huingia ndani bila kubisha hodi na masikio ya watu huwa ya baridi tangu asubuhi, vipuli vilianza kuzimia wiki ya kwanza tu. Ujuzi ulikuja vipande vipande. Siku moja Tumpe alijikuta ameshika sindano na hajui aichome wapi, akasimama katikati ya wodi huku machozi yakimlenga, mpaka Subilaga akaja kumpokea.

Mwongozo wa Baraza ulisema vipuli dhaifu vipelekwe mji wenye joto. Mji wenye joto ulikuwa ng'ambo ya kizuizi.

Osia ndiye aliyesema, akipuliza moto, "Si mvifukie kwenye majivu tu? Mbona viazi vinaiva."

Wakavifukia. Bakuli la bati, majivu ya moto wa wastani, nusu saa kila zamu zinapobadilishana, na vipuli vilitoka vikimetameta vyenye nguvu ya kufika zamu nyingine. Na kwa kuwa kipuli hutambua sikio kwa joto lake tu, Karani hakujua kitu. Kwake yeye watu wote ishirini na sita walikuwa na vipuli masikioni mchana na usiku, miezi minne mfululizo, bila kuvivua hata kwa kuoga.

Kuvua kipuli wakati wa dharura lilikuwa kosa. Kumwacha mtu avue na abaki wodini lilikuwa kosa kubwa zaidi, na mwenye kosa ni msajili. Subilaga alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana miaka kumi iliyopita ndiye aliyesaidia kuiandika kanuni yenyewe. Kila jioni aliandika kwenye ripoti, Vipuli havikuvuliwa, akigeuza uso kidogo kana kwamba karatasi ingemtazama.

Basi kila zamu zilipobadilishana kulikuwa na nusu saa ya watu wasiojua lolote. Zamu inayotoka na zamu inayoingia zilikaa jikoni kwa Osia, masikio wazi, vikombe vya chai mkononi, na wagonjwa ilibidi wakabidhiwe hivyohivyo, kwa mdomo. Siku za mwanzo ilikuwa vichekesho. Gwamaka kinyozi alimkabidhi mgonjwa akisema, "Wa kitanda cha tano anakoroma kama pikipiki iliyokosa oili." Ofisi ya Subilaga ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, na maneno yale yalimchoma. Aligonga ubao mara tatu kwa kifundo cha kidole.

"Gwamaka! Anapumua mara ngapi kwa dakika?"

"Sijui, Mama. Mara nyingi."

"Mara nyingi ni ngapi? Nenda kahesabu!"

Tangu siku hiyo kugongwa kwa ubao kukawa sehemu ya chai. Upande gani wa kifua? Mkojo kiasi gani tangu asubuhi? Kwa nini dripu imefungwa? Asiyejua alinyanyuka, akaenda kuangalia, akarudi na jibu, akaulizwa maana yake. Subilaga hakufikiri kwamba anafundisha. Alifikiri anagomba, jambo ambalo alikuwa hodari nalo na lililomburudisha.

Siku hiyo ya arobaini na moja, saa nane mchana, zamu zilikuwa jikoni. Subilaga alikuwa upande wake, fomu ya Mwalimu Lugano bado chini ya muhuri. Alimsikia Tumpe akisema, "Kitanda cha tatu, Anyisile, presha mia na sitini kwa mia na kumi, nimeshamwambia Dakta. Analalamika kichwa. Msidanganyike ni kichwa cha kawaida. Akisema anaona vimulimuli..."

Hakumaliza. Kutoka wodini mtu alipiga kelele, kisha kitu cha bati kikaanguka sakafuni.

Subilaga alitoka mbio kwa mlango wake, Tumpe kwa mlango wa jikoni. Tumpe alikuwa na miguu mirefu zaidi. Subilaga alipofika, Anyisile alikuwa amekakamaa kitandani, macho yamegeuka, mwili mzima unarukaruka, na mgonjwa wa jirani ameshika mashavu yake kwa woga.

"Mlaze ubavu wa kushoto," Tumpe alisema, tayari anamgeuza. "Msimshike kwa nguvu. Msimwekee kitu mdomoni. Gwamaka, oksijeni. Mama, ile magnesiamu ya degedege iko kabati la juu, niletee yote, na dripu."

Alisema "niletee", kwa msajili wake, na msajili wake akaenda kuleta.

Tumpe alipima dawa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha kwenye mshipa polepole, midomo yake ikihesabu. Kisha akachoma iliyobaki, paja hili na paja lile. Degedege likalegea. Tumpe akagonga goti la Anyisile kwa ukingo wa kiganja, akatazama mguu ukiruka, akaridhika, akaanza kuhesabu pumzi kwa saa ya ukutani.

"Kumi na nane," alisema.

Hapo ndipo Subilaga alipoona. Sikio la Tumpe lilikuwa tupu. Lilikuwa sikio la fundi cherehani, na juu yake kalamu ya risasi aliyosahau kuitoa.

"Tumpe," alisema taratibu, "kipuli chako kiko wapi?"

Tumpe alijigusa sikio. "Kwenye majivu, Mama," akanong'ona. "Yesu wangu. Kiko kwenye majivu."

"Na kwa nini uligonga goti?"

"Kwa sababu... dawa ikizidi, goti huacha kuruka. Na pumzi hupungua. Ndiyo maana tunahesabu." Alikunja uso kama mtu anayetafuta funguo na kuzikuta mkononi. "Uligonga ubao, Mama. Yule mama wa mwezi wa pili, aliyekuwa na ugonjwa huuhuu. Uligonga ubao mpaka nikalia."

Dakta Ambakisye alifika akihema, akamkuta mgonjwa ametulia na hana la kufanya ila kumpeleka chumba cha upasuaji. Saa kumi kasorobo mtoto wa kike alilia ndani ya jengo lile, sauti kali kama filimbi ya mwamuzi. Subilaga alilia pia, waziwazi, kwenye korido, na wala hakutafuta leso.

3

"Fomu moja haijakamilika," Karani alimwambia aliporudi ofisini.

"Niambie jambo. Mtu anaweza kupewa leseni ya kudumu bila kipuli?"

"Kanuni ya kumi na tisa. Mwombaji aliyefanya kazi saa mia moja bila kipuli, chini ya usimamizi wa muuguzi mwenye usajili, anaweza kutahiniwa kwa mdomo na kuteuliwa muuguzi msaidizi. Kanuni haijatumika tangu vipuli vianze."

"Hapa Isonso wapo wangapi wenye saa hizo?"

"Hakuna. Kwa mujibu wa ripoti zako, vipuli havikuvuliwa."

Subilaga alikaa. Nusu saa ya kukabidhi, nusu saa ya kupokea, siku kwa siku, miezi minne. Saa mia moja zilikuwa zimepita na chenji kubaki, na yeye mwenyewe alikuwa amezisimamia, kwa kifundo cha kidole. Zilikuwapo. Alizifuta yeye, kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri.

"Na ripoti zikisahihishwa?"

"Saa zitahesabiwa. Na kanuni ya saba itatumika. Msajili aliyeruhusu vipuli kuvuliwa wodini na kutoa ripoti isiyo ya kweli anaondolewa cheo cha usajili na kunyang'anywa muhuri. Anarudi kuwa muuguzi wa kawaida, na kupangiwa kituo kwa mahitaji."

Aliunyanyua muhuri. Kishikio chake cha mbao kilikuwa kimelainika kwa miaka ishirini na miwili ya kiganja chake. Kwa muhuri huo alikuwa amepeleka wauguzi kwenye zahanati ambazo hata barabara hazina, na alikuwa amezuia matapeli wasishike watoto wa watu. Alikuwa akiupenda, na hakuona aibu kuupenda. Na ilikuwa imebaki miaka mitatu tu astaafu, na sherehe, na picha yake kwenye ukuta wa Baraza.

Chini ya muhuri ilikuwapo fomu ya Mwalimu Lugano.

Ilikuwa rahisi mno. Tiki moja, na hakuna atakayejua. Mwalimu ana joto kweli, na homa huanza kwa joto. Tumpe angebaki, wote ishirini na sita wangebaki, muhuri ungebaki. Alijaribu kuwaza sababu ya kukataa na kwanza hakuipata, jambo lililomtisha. Kisha akamfikiria yule mama ng'ambo ya daraja, ambaye hadi sasa anadhani binti yake bado ni mjamzito. Akawafikiria wauguzi wanne wa visiwani. Hakujua majina yao wala sura zao, lakini alijua vizuri sana jinsi mtu anavyojisikia akiwa amebaki peke yake wodini na vitanda vinaendelea kujaa.

"Hapana," alisema kwa sauti. "Hiyo hapana, Subilaga."

Aliweka tiki kwenye Hashukiwi.

"Fomu imekamilika," Karani alisema.

"Sasa fungua ripoti zangu. Zote, tangu ya kwanza."

Ilimchukua saa nzima kuzisahihisha, na hakuficha kitu. Majivu aliyaandika, bakuli aliliandika, kugonga ubao akakuandika pia. Alipomaliza, Karani akasema:

"Marekebisho haya yatasababisha kanuni ya saba itumike. Tafadhali thibitisha."

"Nathibitisha."

Alitegemea kuumia. Badala yake alisikia njaa. Alikwenda jikoni akala viazi vya Osia, sahani nzima na nyongeza, na Osia akasema hajawahi kumwona Mama Msajili akila kama mtu aliyetoka shamba.

4

Saa sita mchana ya siku ya pili, watu ishirini na sita waliingia jikoni kwa mstari, wakavua vipuli, wakaviweka kwenye bakuli la bati. Safari hii hapakuwa na majivu ndani. Vilipiga kelele ndogo vikianguka, kila kimoja chake. Wengine walishika masikio yao muda mrefu baada ya hapo.

Kisha, kwa mtihani wa mdomo, Subilaga alikaa upande wa pili wa meza, Karani kando yake akisoma maswali. Muhuri ulikuwa wake mpaka jua lizame.

Tumpe alikuwa wa kwanza, na swali la kwanza la Karani lilimkwamisha.

"Taja dalili tatu za hatari za presha ya ujauzito."

Jasho lilimtoka Tumpe, na Isonso mtu hatoki jasho. Subilaga hakuruhusiwa kumsaidia hata kwa kukohoa.

"Mama," Tumpe alisema mwisho, "naweza kumtaja mgonjwa?"

"Swali halina mgonjwa," Karani alisema.

"Maswali yote yana mgonjwa, Karani," Subilaga alimkatiza. "Kanuni inasema kwa mdomo. Haikusema kwa maneno ya nani. Taja, mwanangu."

Tumpe akafumba macho. "Kitanda cha tatu. Anyisile. Alikuja miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Kichwa kikamuuma tangu asubuhi na panadoli haikusaidia. Vimulimuli machoni ndivyo nilivyowaonya wenzangu wavisubiri. Na yule mama wa mwezi wa pili, yeye alishika hapa, chini ya mbavu kulia, akasema panamchoma."

"Hizo ni nne," Karani alisema. "Sahihi."

Kuanzia hapo mlango ulikuwa umefunguka. Mmoja baada ya mwingine walijibu kwa vitanda. Waliwataja waliopona na wakacheka. Waliwataja waliokufa pia, kwa majina kamili, na hapo sauti zilishuka. Si wote waliofaulu. Dereva wa lori alishindwa na akafurahi, alisema damu haikuwahi kumzoea. Gwamaka kinyozi alishindwa kwa maswali mawili tu, akageuza uso ukutani mabega yakitikisika, na Subilaga akainuka kwenye kiti cha mtahini, akamshika mkono, jambo ambalo dharura ililikataza na tangu saa sita lilikuwa ruhusa.

"Miezi mitatu, Gwamaka. Nitakugongea ubao kila siku. Utarudi."

Kumi na tisa walifaulu. Muhuri uligongwa mara kumi na tisa, na kila mara Subilaga aliuegemea kwa uzito wake wote ili wino ukae. Alikuwa kwenye karatasi ya kumi na saba pale kelele zilipotoka nje. Mama yake Anyisile alikuwa ameingia, habari za mtoto ameshazisikia darajani, amelowa hadi magotini kwa kuvuka mtoni, maana hakungoja gogo la kizuizi liondolewe lote, mtungi wa maziwa ya mgando kichwani na kanga tatu kwapani.

"Ndaga fijo! Ndaga fijo!" aliwashukuru wote, akamkumbatia Osia, akamkumbatia mgonjwa wa kitanda cha kwanza ambaye hakuhusika kabisa. "Yuko wapi mjukuu wangu? Na maji ya moto yako wapi? Siku nzima mmekaa na mtoto mnamfanyia nini?"

Jua lilipoanza kuegemea, Subilaga alifuta muhuri kwa leso, akauvingirisha, akauweka kwenye sanduku pamoja na vipuli. Lori la visiwani lilikuwa linangoja.

"Muuguzi Subilaga Mwakalinga," Karani alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Umepangiwa kituo kwa mahitaji. Kituo chenye upungufu mkubwa zaidi mkoani ni Isonso. Unaripoti baada ya wiki mbili. Tafadhali thibitisha."

Subilaga alikitazama kile kibao akijaribu kuona kama kuna mtu ndani yake anayecheka.

"Nathibitisha," alisema. "Na shikamoo?"

"Shikamoo," Karani alisema.

"Marahaba, baba."

5

Alirudi na begi kubwa zaidi. Walimpa vitanda sita na sare ambayo Tumpe mwenyewe aliipunguza kiunoni, maana alikuwa hajaiacha cherehani, ila sasa ilikuwa kazi ya Jumamosi. Siku zilizobaki alikuwa kiongozi wa zamu.

Siku ya kwanza ya Subilaga ilimpiga chenga. Miaka ishirini na miwili ya kugonga muhuri ilikuwa imemlainisha. Alisahau vitu vilipo, miguu ikawaka moto, mgonjwa mmoja akamwonea huruma akamsogezea kiti. Saa nane mchana alijikokota hadi jikoni, akapokea chai kwa Osia, akakaa kwenye benchi kati ya Gwamaka, anayejiandaa kwa mtihani, na mchuma chai mmoja. Ilikuwa zamu yake kukabidhi. Tumpe alikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye ile ofisi, akijaza daftari.

"Kitanda cha kwanza, anaruhusiwa kesho," Subilaga alianza. "Cha pili, mzee wa nimonia, dripu imeisha saa sita, joto limeshuka. Anapumua vizuri tu. Kitanda cha tatu..."

Ubao uligongwa mara tatu.

Osia alishika mwiko hewani. Gwamaka aliinamia kikombe chake, akijizuia asicheke mpaka shingo ikamvimba.

"Sista Mwakalinga," sauti ya Tumpe ilipita kwenye ubao, yenye adabu zote, "samahani sana, Mama yangu. 'Vizuri tu' ni mara ngapi kwa dakika?"

Subilaga aliweka kikombe chini, akashika magoti yake yaliyomuuma, akasimama, na huku akitabasamu peke yake akarudi wodini kuhesabu.